Windows Ikidai Leseni, Alaumiwe Nani?

Natoa maoni yangu katika gazeti letu juu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe mwaka 2025, ambalo naona litawapata wengine wengi kadiri kompyuta zinavyozidi kuletwa mashuleni. Nataka kusema habari za yale maneno ya Kiingereza, yaliyofifia kama chaki iliyofutwa vibaya, ambayo hutokea pembeni mwa kioo cha kompyuta, chini upande wa kuume, yakimtaka mtumiaji aiamilishe Windows. Watu wengi huyaogopa kuliko inavyostahili, na wengine huyatafutia dawa mahali pasipofaa. Lakini lililonisukuma hasa kuandika ni kwamba maneno hayo yakitokea, wa kwanza kulaumiwa ni mwanafunzi aliyekuwa na mashine mkononi siku hiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Aprili mwaka huo shule yetu ilipata kompyuta mpakato 24, zawadi ya chuo kimoja cha Uingereza kilichokuwa kimejinunulia mpya. Siku ya kuzipokea tulipanga mistari, kwaya ikaimba, na mzee mmoja wa Bodi akatuasa tuzitunze kama mboni za macho yetu. Baada ya sherehe zikafungiwa kabatini. Likizo ya Juni ilipofika, kamati ya gazeti iliruhusiwa kuazima moja, nami kwa kuwa nilikuwa katibu nikatia saini yangu kitabuni, nikaenda nayo nyumbani ili nipige chapa makala za wenzangu. Ilikuwa mashine namba 7.

Usiku wa tarehe 18 Juni, nikiwa katikati ya makala ya mwenzangu mmoja juu ya ufugaji wa nyuki, yakatokea maneno yale. Nikaizima, nikaiwasha. Yakawa pale pale. Nikaizima tena nikaiacha hadi asubuhi, kana kwamba ilikuwa na homa. Asubuhi yakawa pale pale.

Baba yangu ni fundi baiskeli. Kazi yake huifanya chini ya mwembe karibu na stendi. Nikamwendea kabla hajafungua sanduku lake la spana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona sura hiyo?"

"Baba, mashine ya shule inadai kitu."

"Inadai nini?"

"Inadai iamilishwe."

"Kuamilishwa ndiyo nini?"

Nikanyamaza, maana sikujua. Leo nikikumbuka naona kwamba kosa langu lilikuwa pale. Nilipaswa kulijibu swali lile kabla ya kufanya neno lingine lolote. Badala yake nikamwambia kwamba imeharibika, na baba, kwa kuwa aliogopa mali ya serikali isije ikafia nyumbani kwake, akafunga sanduku akanichukua mpaka mjini kwa fundi mmoja mwenye kibanda cha kutia nyimbo na picha za sinema katika flashi.

Fundi yule hakutazama namba ya kosa wala hakuuliza mashine imetoka wapi. Alizima kwanza askari wa Windows, yaani ile programu iitwayo Defender inayolinda mashine na virusi, maana alisema askari huyo "husumbua." Kisha akachomeka flashi yake, akabofya mara mbili tatu, na katika dakika kumi maneno ya pembeni yakatoweka. Akadai shilingi 15,000. Baba akalipa, naye ni mtu anayeziba pancha moja kwa shilingi 1,000. Kila msomaji na apige hesabu mwenyewe. Tukarudi nyumbani tumefurahi kama watu waliotoka hospitali na mgonjwa aliyepona.

Siku ya tano jirani yetu akaniletea flashi yenye picha za kwaya ya kanisani, akaomba nimfungulie azitazame. Nikaichomeka. Askari alikuwa amekwisha fukuzwa, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Picha hazikuonekana, vilionekana vijikaratasi vyenye vishale vidogo. Tangu hapo kila flashi niliyoigusa ikapata ugonjwa ule ule, pamoja na flashi ya kamati iliyokuwa na makala 11 za gazeti hili, kazi ya wenzangu ya muhula mzima. Nilipozifungua sikuona makala hata moja.

Shule ilipofunguliwa Julai, nikapeleka mashine ofisini nikaeleza yote. Sitamtaja aliyenipokea, wala sina kinyongo naye, maana ana kazi nyingi na yeye si mtu wa kompyuta. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Umeichezea." Siku ile ile nikaondolewa katika kamati, jina langu likafutwa katika kitabu cha kuazima, na ikaandikwa barua ya kumtaka baba aje alipe gharama za matengenezo. Nakala ya barua hiyo ikatiwa katika faili langu.

Basi wiki iliyofuata akaripoti mwalimu mpya wa kompyuta. Alipoisikia habari yangu akaniita, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, yaani maneno yale yalitokea tarehe gani. Nikamjibu, tarehe 18 Juni. Akaomba ufunguo wa kabati. Tukatoa mashine ambazo hazijaguswa na mtu tangu mwezi wa Mei, tukaziwasha moja moja juu ya meza ya maabara. Ya kwanza ilikuwa na maneno yale. Ya pili, vivyo hivyo. Tulipofika ya kumi na moja mwalimu akacheka, akasema, "Haya, na hizi zilizolala kabatini nazo nani kazichezea?"

Hapo sasa nieleze kwa nini, kadiri nilivyofundishwa na nilivyojisomea baadaye.

Kompyuta haifanyi kazi bila mfumo endeshi, na Windows ya kampuni ya Microsoft ni mmojawapo wa mifumo hiyo. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, mfumo huu sharti ujitambulishe kwa mwenyewe kwamba umelipiwa, ili leseni moja isitiwe katika mashine mia. Kujitambulisha huko ndiko kuamilishwa. Windows XP ilikuwa kali: isipoamilishwa kwa siku 30 ilimfungia mtumiaji nje. Windows 10, ambayo ndiyo tuliyopewa, ni ya upole. Huandika maneno yake pembeni, humkataza mtu kubadili picha na rangi za kioo, na kazi nyingine huziacha ziendelee. Kwa hiyo mashine namba 7 haikuwa mbovu hata kidogo. Ningaliweza kumaliza makala ya nyuki usiku ule ule na kulala.

Leseni nazo si za namna moja. Iko leseni ya mashine: kiwandani huandikwa herufi na tarakimu 25 ndani ya bodi kuu, nayo husafiri na mashine kokote iendako, hata ikiuzwa au ikitolewa zawadi. Iko leseni anayoinunua mtu dukani kwa ajili yake. Na iko leseni ya jumla, wanayoinunua vyuo, mabenki na maofisi makubwa kwa mashine zao nyingi. Hii ya jumla ni mali ya chuo, haiendi na mashine. Katika namna yake moja, iitwayo KMS, chuo huweka seva yake mwenyewe, na mashine zote za chuo huenda kwa seva ile kuomba ruhusa badala ya kwenda kwa Microsoft. Ruhusa hudumu siku 180. Kila siku 7 mashine hujaribu kubisha hodi tena, na ikipokelewa huanza kuhesabiwa siku 180 upya. Mwanachuo anayekuja na mashine yake darasani hata hajui kwamba jambo hili lipo.

Mashine zetu ndivyo zilivyokuwa. Mwalimu aliandika katika kile kidirisha cheusi cha amri maneno haya: slmgr /dli. Kikatokea kidirisha kidogo, na ndani yake neno VOLUME_KMSCLIENT. "Unaona?" akaniambia. "Mashine hii inadhani bado iko Uingereza. Kila wiki inabisha hodi, na nyumba haipo." Tulipojaribu kuiamilisha ikatupa namba 0x8007232B, ambayo maana yake ni kwamba jina la seva linalotafutwa halikupatikana katika mtandao. Nduguye ni 0xC004F074, yaani seva haikuweza kufikiwa. Kisha tukatafuta katika sanduku lililoletea mashine, tukakuta karatasi ya chuo kile yenye tarehe ya kila mashine ilipotayarishwa. Namba 7 ilitayarishwa tarehe 20 Desemba 2024. Hesabu siku 180 kutoka hapo, utafika tarehe 18 Juni. Zaidi ya nusu ya siku hizo ziliishia melini na bandarini kabla kwaya yetu haijaimba.

Wafadhili wetu hawakukusudia ubaya, na mashine ni nzuri. Lakini mtu akimpa mwenzake nyumba asimpe ufunguo, lazima amwambie. Karatasi ile ilikuwamo sandukuni siku zote, na hakuna aliyeisoma.

Bahati yetu ilikuwa kwamba mashine hizi, zilipotoka kiwandani, zilikuwa na Windows 10 Pro, na leseni ya kiwandani bado imo ndani ya bodi. Stika iliyo chini ya mashine yasema hivyo. Stika za zamani, zile za Windows 7, zilikuwa na zile herufi na tarakimu 25. Za siku hizi hazina, kwa kuwa ufunguo umehifadhiwa ndani, na wengi wakiona stika haina namba hudhani leseni haipo. Mwalimu aliusoma ufunguo kwa amri ifuatayo, ambayo naiandika hapa kwa faida ya walimu wa shule nyingine: wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey. Akautia katika Mipangilio, sehemu ya uamilishaji, mahali pa kubadili ufunguo, kwa kutumia intaneti ya simu yake mwenyewe. Haikupita dakika moja maneno yakaondoka. Hatukulipa hata senti, isipokuwa bando la mwalimu.

Kwa namna hiyo mashine 19 zikaamilishwa mchana mmoja. Namba 7, kwa sababu ya ile dawa ya mjini, mwalimu hakuiamini tena. Aliifuta yote akatia Windows upya kutoka kwa Microsoft wenyewe, nayo ikausoma ufunguo wake katika bodi bila kuulizwa. Zikabaki nne. Moja kila ikiwashwa ilirudi mwaka 2018, maana ile betri ndogo kama kifungo inayotunza saa ilikuwa imekufa. Hili ni jambo la kuangalia mapema kuliko yote, kwa kuwa mashine yenye tarehe ya uongo haiaminiwi na mtandao, na hata yule mwenye seva ya KMS huikuta namba 0xC004F06C ikiwa saa ya mashine yake imepishana mno na ya seva. Tulibadili betri, tukasahihisha saa, ikaamilishwa. Tatu za mwisho bodi zao zilikuwa zimekwisha badilishwa huko zilikotoka, na ndani hamkuwa na ufunguo. Mashine ya namna hiyo huweza kutoa 0xC004F213, yaani ufunguo haukuonekana katika mashine. Hizo tutazirudia.

Mtu mwenye mashine ya nyumbani aweza kukutana na mengine. Ile 0x803F7001 hutokea mara nyingi baada ya kubadili bodi, kwa sababu Microsoft haimtambui tena mwenye mashine. Ile 0xC004C008 yasema ufunguo umetumika mara nyingi kupita idadi iliyoruhusiwa, na huwapata sana walionunua namba za bei rahisi zilizokwisha uzwa kwa watu wengine. Liko pia kosa la mafundi wetu, nalo ni la kila siku: mashine ilitoka kiwandani na Windows Home, fundi akatia Pro kwa kuwa ndiyo aliyo nayo katika flashi, halafu ufunguo wa bodi haukubaliani nayo. Huyo hahitaji kununua kitu. Arudishiwe Home yake.

Sasa nije kwenye maoni, maana yapo ambayo wenzangu bwenini hawakubaliani nami.

Wako wasemao, "Kwani ile dawa ya mjini ilikosa nini? Maneno si yaliondoka? Microsoft ni tajiri, sisi ni maskini, na shilingi 15,000 ni kidogo kuliko bei ya leseni." Neno hili si la kupuuzwa. Leseni ya dukani ni ghali kwa mzazi wa kwetu, wala sitajifanya sijui. Lakini tazameni dawa ile inavyofanya kazi. Hutengeneza seva bandia ya KMS ndani ya mashine yenyewe, ili mashine ikibisha hodi ijibiwe na mwongo. Ili iweze kufanya hivyo hudai madaraka yote ya mashine, na karibu kila mara hudai askari azimwe kwanza. Mtu akikuambia, "Fukuza mlinzi, nipe funguo za vyumba vyote, kisha ugeuke ukutani," utamkubalia? Mwaka 2021 kampuni ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi wezi walivyoficha programu iitwayo Cryptbot ndani ya nakala za KMSPico, mojawapo ya dawa hizo. Mtu alidhani anaamilisha Windows, kumbe maneno yake ya siri yanachotwa. Katika kompyuta za shule kuna maksi zetu na namba za simu za wazazi wetu. Tena katika Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na shule ya serikali haiwezi kufundisha uraia darasani huku maabara yake ikiendeshwa kwa vitu vya wizi.

Zaidi ya hayo, katika kisa changu dawa ile haikuhitajiwa hata kidogo. Leseni halali tulikuwa nayo, imelipiwa tangu kiwandani, imelala ndani ya bodi. Baba alilipa shilingi 15,000 ili tuibe kitu ambacho tayari kilikuwa chetu. Nilipomweleza hivyo hakucheka. Alikaa kimya kitambo, akageuza gurudumu lililokuwa mbele yake, akasema, "Mwanangu, mimi mtu akiniletea baiskeli namwuliza kwanza ilianguka wapi. Yule bwana hakutuuliza hata moja, nami fundi mzima nikakaa kwenye benchi lake nikimtazama."

Wako wengine, na hawa ni baadhi ya walimu wetu, wasemao kwamba kwa kuwa maneno yale hayazuii kazi, basi yaachwe. Kwa siku chache, sawa. Mwanafunzi aliye likizoni akiyaona na aendelee na kazi yake, alete mashine shule ikifunguliwa. Lakini kuyaacha mwaka mzima si vizuri, kwa sababu kila mwanafunzi mpya atakayeazima atadhani ni yeye aliyeharibu, na mmoja wao atakwenda kwenye kibanda kile kile.

Na wapo wapenzi wa mifumo ya bure wasemao tuachane na Windows kabisa. Zile mashine tatu zisizo na ufunguo mwalimu alizitia Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux usiodai leseni wala kuamilishwa, na LibreOffice ya kuandikia. Ndizo zilizopigiwa chapa nusu ya gazeti hili mnalolisoma. Mimi nazipenda. Ila nakiri kwamba wenzangu wanaosoma kompyuta kwa ajili ya mtihani wamezoea Windows, na mafundi wa wilayani kwetu wanaoijua Linux ni wachache, hivyo sioni vema kuzihamisha zote kwa mara moja. Lakini hoja yao ina nguvu mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na mashine zetu ni za zamani mno, hazikubaliwi na Windows 11. Kuamilishwa kunathibitisha leseni tu. Hakumzuii mwizi mpya. Bodi ya shule sharti ilijadili jambo hili mapema, siyo siku ya ajali.

Kuhusu lawama nina maneno machache, nami nayasema kwa heshima. Mwanafunzi akivunja kioo, na alipe. Akimwaga chai juu ya vibonye, na alipe. Lakini kabla ya kumwambia umeichezea, mashine nyingine mbili tatu zifunguliwe zitazamwe. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Kama ingefanywa siku ile niliporudisha namba 7, ingalijulikana palepale kwamba ugonjwa ulikuwa katika kabati zima, na barua isingaliandikwa. Kosa langu nalikubali: nilipeleka mali ya shule kwa mtu wa njiani bila ruhusa, nikachomeka flashi ya jirani. Kwa hilo ningaliadhibiwa nisingelalamika. Niliadhibiwa kwa lile jingine.

Makala 11 hazikupotea. Virusi vile huzificha kazi za watu na kuweka vishale mahali pake, havikuzifuta. Mwalimu, katika mashine yenye askari wake kazini, aliandika amri attrib -h -r -s /s /d akiitaja flashi ya kamati, na makala zikajitokeza moja baada ya nyingine, ya nyuki ikiwa ya tatu. Mwenye makala yake alikuwa amekwisha anza kuiandika upya kwa mkono.

Tangu wakati huo mwalimu ameanzisha daftari gumu, linaning'inia kwa uzi kabatini. Kila mashine ina ukurasa wake: namba yake, imetoka wapi, ina Windows gani, leseni ni ya bodi au ya nani, tarehe ilipoamilishwa, na nani ameiazima. Ufunguo wenyewe hauandikwi humo. Huo umehifadhiwa ofisini. Naomba zawadi nyingine yoyote itakayokuja, mtu wa kuipokea awaulize wafadhili neno moja kabla kwaya haijaanza: leseni ya mashine hizi ni ya nani, nayo inakwisha lini? Naomba pia chama cha wazazi na walimu kitenge fedha kidogo za intaneti kwa kazi hizi, maana haifai mwalimu aamilishe mali ya serikali kwa bando lake.

Na ombi la mwisho ni langu mwenyewe. Nimerudishwa katika kamati, na jina langu limeandikwa tena katika kitabu cha kuazima. Baba hakuitwa kulipa. Lakini nakala ya barua ile bado imo katika faili langu, haina maelezo yoyote pembeni, na faili hilo litasomwa na watu wasionijua siku nitakapoomba nafasi ya Kidato cha Tano. Naomba iondolewe, au kama haiwezi kuondolewa, iambatishwe nayo ile karatasi ya sandukuni yenye tarehe 20 Desemba 2024. Nakala yake ninayo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu